Sumu tuliyomtegea mnyama imemuua mbwa wa jirani, na jirani anadhani ni nyoka

Dada mshauri,

Habari za kazi. Nina miaka 51, naishi Bigwa, Morogoro, sehemu ya juu inayoelekea milimani. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana nikikaa mezani naiona nyumba ya Mzee, jirani yangu, na kalamu inanishinda.

Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita. Mgongo wangu haukubali tena jembe, kwa hiyo mwanangu wa kwanza, dereva wa bodaboda, alinipa shilingi 1,200,000 alizodunduliza kwa karibu miaka miwili. Akaniambia, "Mama, fuga kuku wa kienyeji, hawa hutawainamia." Tukajenga banda la mirunda, tukalizungushia waya wa kuku, juu bati. Nilianza na mitetea 20 na majogoo 2. Kufikia Pasaka walikuwa 64, mayai nauza soko la Chifu Kingalu, na ada ya binti yangu wa mwisho ilikuwa inatoka humo humo.

Mwezi wa tano niliamka alfajiri nikakuta kuku 11 wamekufa. Hawakuibwa, waliuawa. Wengine wameliwa shingo na kifua, wengine wameng'atwa kichwa tu wakaachwa. Mmoja alikuwa ananing'inia, shingo imepita kwenye tundu la waya na kichwa hakipo. Katikati ya mizoga ile, mtetea wangu wa madoadoa alikuwa bado amelalia mayai yake, hajasogea. Nilikaa palepale juu ya kinyesi cha kuku nikalia.

Majirani wakasema kicheche. Mjomba akasema nyegere. Wiki iliyofuata walikufa 4 kwa mtindo uleule, halafu vifaranga navyo vikaanza kupungua mchana, viwili leo, vitatu kesho, bila hata unyoya kubaki.

Mwanangu hakusema kitu. Jioni moja alirudi na dawa ya wadudu, ile ya punjepunje, imefungwa kwenye karatasi. Akachukua kuku mmoja aliyekufa, akamkata vipande vitano, akavipaka, akavipanga nyuma ya banda kuelekea korongoni. Giza lilikuwa limeshaingia. Mimi ndiye niliyeshika taa nikammulikia. Nataka uelewe hilo, dada: nilimmulikia.

Asubuhi tulikuta vipande viwili. Saa tatu hivi tukasikia Mzee anaita.

Mzee ni mstaafu wa reli, amepita miaka 70, mke wake alishatangulia, na macho yake yana mtoto wa jicho. Mbwa wake, Tomi, ndiye aliyekuwa akimtangulia njiani. Penye shimo au pikipiki Tomi alikuwa anasimama na kumzuia kwa ubavu. Tulimkuta nyuma ya jiko, mate yanamtoka, anatetemeka, miguu ya nyuma haifanyi kazi. Haikufika saa moja. Mzee akampapasa tumboni akasema, "Ameumwa na nyoka huyu." Hakuna aliyembishia. Mwanangu ndiye aliyechimba kaburi, chini ya mwembe wa Mzee, kisha akarudi nyumbani akalala bila kula.

Tangu siku hiyo Mzee anaogopa nyoka. Amelipa vijana wakaufyeka ua wote wa michongoma uliokuwa kati yetu, maana anasema ndimo walimojificha. Mjukuu wake haruhusiwi kucheza uani. Na kila jioni huja pale ulipokuwa ua akaniuliza, "Mama, leo hujamwona?" Namjibu, "Sijamwona, baba."

Na mnyama hakufa. Juzi amekuja tena, kuku 3. Mwanangu anasema sumu ilikuwa kidogo, ataongeza, au anunue mtego wa chuma wa meno. Kopo la dawa iliyobaki liko stoo, juu ya debe la unga. Nikimkataza naogopa ataona jasho lake linaliwa na mimi nimekaa tu. Nikimwambia Mzee ukweli naogopa atakwenda serikali ya mtaa na mwanangu ashikwe. Nikinyamaza, nitaendelea kujibu swali la nyoka kila jioni. Wakati mwingine nawaza niuze kuku wote yaishe. Paka wangu simruhusu tena kutoka, nalala naye chumbani kama mtoto.

Nishauri.

Mwenye Taa, Bigwa

JIBU

Dada yangu Mwenye Taa,

Pole sana. Pole ya kuku, maana asiyefuga hajui ilivyo kuwahesabu jioni na kuwahesabu tena asubuhi ukakuta hesabu haifiki. Na pole ya hilo jibu unalolitoa kila jioni.

Kabla hatujakaa kuongea, kopo. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye lile debe la unga. Ukimaliza kusoma mstari huu inuka. Vaa glavu za mpira, lifunge hilo kopo, litie ndani ya chombo kingine chenye mfuniko, andika SUMU kwa herufi kubwa, ukifungie mbali na chakula na mbali na mkono wa mtoto. Kisha muulize afisa kilimo wa kata mahali pa kuirudisha. Usiimwage chooni wala korongoni, maana maji ya korongo lenu yana watu wanaoyangoja huko chini. Ule unga mimi nisingeupika.

Halafu vile vipande. Vilikuwa vitano, mkakuta viwili, na hukusema hivyo viwili mlivifanyaje. Tomi huenda alikula vyote vitatu, huenda alikula kimoja. Kunguru hubeba nyama akaenda kuidondosha uani kwa mtu. Wewe na mwanao piteni nyuma ya banda, korongoni na kwenye mpaka wa Mzee, mchana kweupe, hatua kwa hatua. Mkikuta kipande au mzoga wowote msiushike kwa mkono mtupu, ufukieni chini sana ambako mbwa hafukui. Mjukuu wa Mzee anazuiwa kucheza kwa ajili ya nyoka asiyekuwepo, na hatari iliyopo hakuna aliyemwambia.

Haya, sasa tukae.

Nikikuelewa vizuri, umefunga mambo mawili kwenye pindo moja la kanga. Moja ni mnyama anayekumalizia kuku, na mtoto wako ambaye jasho lake limo bandani. La pili ni Mzee na Tomi. Yamekuwa mazito kwa sababu unayabeba kwa pamoja, na kila ukigusa hili, lile nalo linauma. Naomba tuyafungue, tuanze na la kuku, kwa kuwa hilo lina dawa iliyo karibu.

Unasema "mnyama", kana kwamba ni mmoja. Barua yako inanionyesha zaidi ya mmoja. Aliyeua 11 usiku na kuacha mizoga, akang'oa kichwa kilichochungulia nje ya waya, ana dalili zote za kanu: mwembamba, madoa mwilini, mkia wenye pete, anapanda mti na ukuta, na tundu linaloingia kichwa chake basi na mwili unapita. Kicheche naye anaweza kuua hivyo. Nyegere simwoni hapa. Nyegere akitaka kuku hung'oa ubao au huchimba chini kwa kucha zake, na ungekuta waya umeraruka au udongo umefukuliwa, nawe hukutaja hata kimoja. Wanaopotea mchana bila unyoya wana mwizi mwingine, mwewe au nguchiro. Na siku mayai yakipotea, mtazame kenge kwanza.

Najua inauma kuona kuku 11 wameuawa na hata watatu hawakuliwa, unaona ni uovu mtupu. Lakini kuku wakiwa ndani ya banda hawana pa kukimbilia. Wanapiga mabawa, wanapapatika, na mnyama mla nyama akiona kinachopapatika huendelea kukamata hata kama tumbo limejaa. Porini wangetawanyika, angeondoka na mmoja. Sisi ndio tuliowakusanya mahali pamoja, kwa hiyo ukuta ni kazi yetu.

Na ukuta wako, dada, ndipo palipo na shida. Ule waya wa kuku, wa matundu ya pembe sita, unamzuia kuku asitoke, lakini haumzuii adui asiingie. Kuku anapitisha shingo, na mnyama anapitisha mkono au anaukata. Wafugaji wanaolala usingizi hutumia wavu mgumu wa matundu madogo, yasiyozidi nusu inchi, kama ule unaowekwa madirishani na fundi wa kuchomelea. Ni ghali, najua, lakini huna haja ya kuzungushia eneo lote. Kuku ulionao sasa, arobaini na kitu, watatoshea kwenye chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3. Hicho tu ndicho kizibwe sawasawa. Wavu ushuke futi moja ndani ya ardhi, au ulazwe chini kuelekea nje na kufunikwa mawe, ili anayechimba agonge chuma. Pale bati linapokutana na mrunda, ambapo mafundi wengi huacha nafasi ya hewa, ndiyo njia ya kanu. Paziwekee wavu uleule. Mlango uwe na komeo na kufuli, na kichanja cha kulalia kikae mbali na ukuta ili asiwepo kuku wa kufikiwa kutoka nje. Mchana, vifaranga vikae chini ya tenga au chini ya neti kuukuu ya kuvulia mpaka viwe na ukubwa wa kukimbia. Na kama hukuwachanja mdondo, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri, wachanje kila miezi mitatu kwa matone ya jicho, maana mdondo huondoka na kuku wengi kuliko kanu yeyote.

Kuna jambo ambalo nadhani litamgusa mwanao. Kule Kenya, pembeni ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kijana wa Kimaasai aitwaye Richard Turere alikuwa na miaka 11 alipochoka kuona ng'ombe wa nyumbani kwao wanaliwa na simba. Alifunga taa kuzunguka zizi akaziunganisha na kifaa cha indiketa ya pikipiki, zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu kama vile mtu anatembea na tochi. Simba wakaacha kuja. Mwaka 2013 alisimama mbele ya mkutano mkubwa Marekani akaeleza. Mwanao anaijua indiketa kuliko mimi na wewe. Taa hazichukui nafasi ya wavu, na mnyama huweza kuzizoea, kwa hiyo zihamishwe mara kwa mara na zielekezwe nje ili kuku walale. Lakini ni kazi ambayo kijana mwenye hasira anaweza kuifanya kwa mikono yake, na ninakisia kwamba hicho ndicho anachokitafuta. Kanga wawili watatu nao husaidia. Wakiona kitu kigeni huamsha mtaa mzima.

Kuhusu kuongeza sumu au kununua mtego wa meno, nakuomba umwambie mwanao tofauti na unavyoogopa. Usimwambie "umekosea". Mwambie Tomi alivyokufa, ambavyo yeye mwenyewe aliona. Sumu haina jicho. Mwezi wa nne mwaka 2018, pale Hamukungu, ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth nchini Uganda, simba 11 walikutwa wamekufa, 8 kati yao watoto, na iliyoshukiwa ni sumu. Tai akila mzoga wa aliyekufa kwa sumu anakufa naye. Mtego wa chuma ni hivyohivyo, unangoja mguu wowote, uwe wa kanu, wa paka wako, au wa mtoto anayefuata mpira kwenye ua ambao sasa haupo. Na hapa Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuua wanyamapori kwa njia hizo, kwa hiyo hofu yako ya mwanao kushikwa inaongezeka kila anaporudia. Hata akimpata kanu huyu, korongo litaleta mwingine, maana harufu ya kuku na tundu la kuingilia vitakuwa palepale.

Paka wako unamlaza ndani, na hilo ni jema, endelea. Chatu na kanu hutembea usiku. Mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa, kwa afisa mifugo wa kata au hospitali ya wanyama pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Mkiona nguchiro au kanu anazurura mchana bila kuogopa watu, msimsogelee. Akimng'ata mtu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Sasa Mzee.

Sitakuambia nenda wala usiende. Wewe ndiye utakayeendelea kumwona dirishani. Lakini naomba nikuulize kuhusu kitu unachokichukulia kuwa kimekwisha. Unahesabu kwamba ukinyamaza hasara ni yako peke yako, huo uzito wa jioni. Je, ni hivyo? Mzee ametoa fedha kufyeka michongoma. Ua ule ulikuwa ukizuia wanyama wa korongoni upande wake na wako. Mtoto amefungiwa ndani. Na mzee asiyeona vizuri anatoka kila jioni kutafuta nyoka kwenye majani. Uongo ambao hukuusema wewe, aliousema yeye mwenyewe kwa kudhani, ndio unaomwendesha sasa. Sikwambii hivi ili nikuongezee mzigo. Nataka unapopima kunyamaza, na hayo yawemo kwenye mizani.

Ukiamua kusema, kuna njia zaidi ya moja. Unaweza kwenda mwenyewe, asubuhi, ukaketi, ukaanza na taa. Ataweza kukasirika, ataweza kukuambia usikanyage tena kwake, na siwezi kukuahidi kwamba hatakwenda serikali ya mtaa. Unaweza kumtanguliza mtu mzima anayemheshimu, mzee wa kanisa au wa ukoo. Hilo hupunguza moto, lakini jambo likishapita mdomo wa tatu, mtaa nao utalisikia, na Mzee anaweza kuumia zaidi kwamba alikuwa wa mwisho kujua. Unaweza pia kuanza na hatari bila kueleza yote: "Baba, kulikuwa na sumu huku, mtoto asiokote kitu." Hilo la mtoto haliwezi kungoja hata kama mengine yatangoja. Ila ujue kwamba Mzee alifanya kazi reli miaka mingi, si mtu wa kushindwa kuunganisha behewa mbili.

Wapo watakaokushauri umpelekee kimbwa kidogo, mambo yaishe. Kama moyo wako umeelekea huko, nakuelewa, na kweli anahitaji mbwa. Lakini mfikirie Mzee anakushukuru, kila siku, kwa zawadi asiyojua ni ya nini. Je, utaweza kuipokea hiyo asante? Labda utaweza. Kuna mtu anayeweza, na kuna mtu ambaye ingemmaliza. Na kama kimbwa kitakuja baada ya ukweli, yeye ndiye aseme kama anakitaka, na lini.

Kuhusu mwanao, unaogopa kwamba anachokiona ni fedha zake tu. Mimi nimemwona mahali pengine kwenye barua yako, kwenye mstari mmoja ulioupita haraka. Alichimba kaburi la Tomi chini ya mwembe, hakuombwa, au kama aliombwa hukusema, akarudi akalala na njaa. Kijana asiyejali hachimbi kaburi la mbwa wa jirani. Huenda hii habari ya kuongeza sumu ni namna yake ya kusema kwamba kifo kile kisiwe cha bure, ampate mnyama, hesabu ilingane. Huenda naye analala macho chumba cha pili akidhani wewe ndiye unayemlaumu. Mmewahi kulitaja jina la Tomi ninyi wawili, tangu siku ile? Kama bado, ningeanzia hapo kabla ya kwenda kwa Mzee. Ukienda kumtoa mwanao bila yeye kujua, utakuwa umefungua kidonda kimoja kwa kuchana kingine. Mkikaa pamoja, inawezekana akasema atakwenda yeye. Inawezekana akakataa kabisa, na hapo utakuwa na uamuzi mgumu zaidi: wewe ulishika taa, una haki ya kusema lako, lakini la kwake ni lake.

Na kuuza kuku wote? Unaweza. Ada itafute mlango mwingine, na mgongo wako ni uleule. Ila kama unawauza ili usikumbuke, sidhani Tomi ataondoka na tenga la kuku. Ungoje kidogo, mpaka wavu ufungwe na ulale wiki mbili tatu bila kifo bandani, halafu ujiulize tena.

Jambo moja mnaweza kulifanya bila kungoja chochote. Michongoma hukua tena kwenye mashina. Mwombe Mzee ruhusa muuache uchipue, upande wenu mpande mipya, mwanao abebe maji. Sijui mtaongea nini mkiwa mmeinama pale mpakani, wewe, yeye na kijana wako.

Niandikie tena. Niambie kopo limekwenda wapi, na yule mtetea wa madoadoa aliangua vifaranga vingapi.

Dada yako mshauri